Shahidi wa Mzee wa Kuvu

Kitu alichokiona yeye peke yake alikiandika kwa penseli. Kilichoonwa na watu wawili alikiandika kwa wino wa bluu, na pembeni akaweka jina la yule wa pili. Madaftari yake yalikuwa manne, yale magumu yenye mgongo mwekundu, na kila penye wino jina la pembeni ni langu. Niseme mapema ili tusizungushane: sikuona hata kimoja.

Chuno nzima, mtaa wake hapa Mtwara, ilimwita Mzee wa Kuvu. Watoto wa mtaani walikuwa wakimpelekea vipande vya mkate vilivyoota manyoya, kwa utani, na utani wenyewe haukuwahi kufika popote kwa sababu hakujua kuwa anataniwa. Alivipokea kwa mikono miwili na kuanza kuhoji. Ulikuwa kabatini au dirishani? Siku ngapi? Ulifunikwa? Mtoto aliyekuja kucheka alijikuta anatoa maelezo kama yuko kituo cha polisi.

Alikuwa amefanya kazi maabara ya mazao maisha yake yote ya kazi. Alianza kwa kuosha vioo, akaja kupika vile vyakula vya kuoteshea kuvu, na mwishoni yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa na wenye shahada wakikwama. Alipostaafu walimpa hadubini ya zamani, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Haikutumia umeme. Chini ilikuwa na kioo kidogo cha kuvutia mwanga wa dirishani, kwa hiyo kazi yake ilikuwa ya asubuhi, na wingu likipita alinyamaza akangoja.

Mimi ni fundi saa. Siku hizi nasema fundi simu, maana saa hazina wateja, lakini mkono wangu ni wa saa. Alinifuata kwenye meza yangu na skrubu ya kulengea ya hadubini ile, imelegea, kila akilenga inateleza. Niliitengeneza kwa nusu saa. Akaniomba niende nyumbani kwake nihakikishe, nikaenda. Aliweka kipande chake cha kioo chenye kuvu, akageuza ile skrubu taratibu, akaangalia muda mrefu, kisha akasogea pembeni kunipisha.

Sisi mafundi saa tuna kilenzi chetu kidogo, tunakibana kwenye tundu la jicho kwa nyama ya shavu na nyusi, tunafumba jicho la pili, tunafanya kazi. Nilivyozoea ndivyo nilivyofanya. Nikabana jicho kwenye lile bomba, nikafumba la pili. Nikaona duara la mwanga, na ndani yake vijiti vyeusi vinachezacheza. Zilikuwa kope zangu mwenyewe, ingawa wakati ule sikulijua hilo.

"Unaona?" akaniuliza.

"Naona."

"Vichwa vyake?"

"Naviona."

Fundi saa anayeokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, mtu ambaye Mtwara nzima inamletea saa za marehemu baba zao, aseme haoni? Kinywa kilisema chenyewe. Yule mzee akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi. Kule maabara, aliniambia, walikuwa kila mtu na mashine yake, ukimwita mwenzako anakuja, anaangalia, anasema ndiye au siye. Tangu astaafu hajapata mtu. Kisha akachukua kalamu ya wino, akaniuliza jina langu kamili na la baba, akaliandika.

Sheria yake ya mashahidi hakuitoa maabara peke yake. "Mwezi mwandamo," alinieleza, "mtu anakuja mbio, nimeuona, nimeuona. Wanamuuliza nini? Wanamuuliza, na nani? Basi na mimi huwa najiuliza. Umemwona. Na nani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Na jambo la namna hii ukilikosa siku ya kwanza, siku ya pili linakuwa zito mara mbili. Mwaka ukipita ndiyo kabisa, kwa sababu utakuwa hukiri tena kwamba huoni, unakiri kwamba ulikuwa unamdanganya mtu mzima mwaka mzima. Kwangu ilikwenda miaka kumi na minne.

Pengine mtu atadhani alikuwa mzee wa kukaa ndani. Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko ya bodaboda. Alikwenda mashamba ya mikorosho kuangalia ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua ya korosho. Wakulima walimpenda kwa hilo na kumchoka kwa mengine yote, kwa sababu akimaliza kuangalia maua alihamia kwenye kinyesi cha ng'ombe. Alikwenda Mnazi Bay kuchota povu. Povu la bahari, lile linalobaki mchangani maji yakirudi. Alilichota kwa kijiko cha chai na kulitia kwenye chupa ya jemu, huku wavuvi wakimuuliza kama nyumbani sabuni imekwisha. Alinieleza kwamba mbegu za kuvu za baharini zina mikono, zinanaswa kwenye povu, kwa hiyo povu moja ni kama mtego uliotegwa usiku kucha. Nikasema, ala. Wavuvi nao wakasema, ala.

Mahali alipopapenda kuliko pote ni kule Ruvuma inakoingia baharini. Tulikwenda mara kadhaa, pikipiki mpaka njia inapokufa, kisha miguu. Alikuwa anatafuta miti ya mikoko iliyokufa ikiwa bado imesimama kwenye tope, kwa sababu kwenye maganda yake kuna vitone vyeusi, vidogo kuliko kichwa cha sindano, na kila kitone ni nyumba ya kuvu. Alikaa juu ya mzizi na kisu cha kumenyea viazi, anakwangua, anatia kwenye bahasha, anaandika. Mara moja maji yalianza kujaa, mimi nikamwita, akasema bado mmoja. Yalipofika magotini nikamwita tena kwa jina la Mungu. Tulirudi tumelowa mpaka kifuani, bahasha akiwa ameziweka chini ya kofia.

Siku ile, tukikausha nguo, alitazama ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, akasema, "Wa kule siwajui. Nawakisia tu." Aliisema kwa masikitiko ya kweli, kama mtu mwenye ndugu aliowahi kusikia habari zao bila kuwaona.

Mikindani alikuwa na ukuta wake. Ulikuwa wa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, wa zile familia za Kihindi zilizokaa pale tangu babu wa babu, nyumba ya mawe na chokaa. Kila masika ukuta wa ngazini ulikuwa unaota weusi. Mwenye duka akaamua kuupaka rangi kwa ajili ya Idi. Mzee wa Kuvu akaenda kumsihi amwachie kona moja, pale chini ya ngazi.

"Mzee wangu, huu ukuta wangu au wako?"

"Ukuta wako. Waliomo ndio wangu."

Yule bwana alicheka mpaka akakaa, akaamuru kona iachwe. Nyumba imeshapakwa rangi mara tatu tangu hapo na kona ile ingali nyeusi. Wageni wakiuliza, mwenye duka anawaambia ni shamba la rafiki yake.

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili, kimoja cha binadamu. Jikoni alichemsha mwani wa baharini pamoja na maji ya viazi na sukari mpaka vikashikamana, akamimina kwenye visahani, vikaganda, na hapo ndipo alipootesha watu wake. Alikuwa anawaita hivyo, watu wangu. Kuwapaka rangi ili waonekane alitumia wino wa kalamu na siki. Kuwahamisha kutoka kwenye mkate au ukuta alitumia selotepu: anaibandika, anaibandua, anaibandika kwenye kioo. Mkewe alivumilia visahani kwenye kabati la vyombo, akavumilia visahani chini ya kitanda, akaja kwenda Dar kumtazama mtoto wao aliyejifungua na hakurudi tena. "Aliniambia amechoka kulala na viozo," mzee alinisimulia, akitabasamu. Halafu akainuka kwenda kuangalia kama maji yamechemka, na maji hayakuwa hata jikoni.

Alikuwa na mambo yanayopingana kama sisi sote. Karanga za sokoni hakuzigusa, na akimwona mtu anazila alimhutubia juu ya sumukuvu mpaka mtu anazitema. Lakini muhogo wake mwenyewe ulioota kijivu aliukwangua akaula. "Huyu namjua," alikuwa akisema, "huyu hana neno." Mara moja alilala siku mbili anaharisha. Nilimpelekea uji, nikamuuliza, si ulisema unamjua? Akanijibu kwa sauti ya chini, "Nilimfananisha."

Ya watu hakuyajua. Angeweza kukutana nawe umefiwa akakuuliza kama choo chako kina unyevu. Kwenye harusi hakwenda, misibani alikuwa wa kwanza, na akifika alikaa kimya pembeni kwenye mkeka mpaka mwisho. Sikumbuki kumwona akibishana na mtu. Neno moja tu lilimkasirisha, pale mtu aliposema kitu fulani "ni kama" kitu kingine. "Usiniambie ni kama. Umeona au hukuona?"

Swali hilo aliniuliza mara mia, na mara mia nilimjibu.

Kwa kuwa mwongo anahitaji kujiandaa, nilikuwa naangalia michoro yake kabla ya kuinama kwenye hadubini. Alichora vizuri mno, kwa penseli iliyochongwa na wembe. Nikajua nani ana kichwa cha duara chenye mbegu pande zote, nani ana kichwa kama ufagio, nani mbegu zake zina mikia mitatu. Nikawa mjuzi wa vitu nisivyoviona. Tukikaa barazani asubuhi tukinywa chai ya rangi, aliniambia, "Unamkumbuka yule wa mkoko, mwenye mikia?" Nami, "Nitamsahau vipi?" Akafurahi. Kuna watu wanakumbushana jeshi au shule. Sisi tulikumbushana hao. Nilikuwa namtazama anavyofurahi, na moyo wangu ulikuwa unauma kweli, kwa sababu nilijua kwamba upande wangu wa maongezi yale hapakuwa na mtu.

Nitasimulia hili la makopa ingawa ningependa kuliruka.

Mama mmoja wa upande wa Msimbati alikuja na makopa, muhogo wake mkavu, umeota madoa. Mvua ilikuwa imemkuta kabla haujakauka. Alikuwa na magunia matatu ndani, hicho ndicho chakula chake chote mpaka mavuno. Mzee aliweka kioo, akaangalia, akapangusa macho, akaangalia tena. Nilishaanza kumwona anapangusa macho miezi ile, nikadhani ni vumbi.

"Njoo," akaniita. "Sina hakika leo. Kichwa cha duara au ufagio?"

Nilikuwa nimejifunza kutoka kwake kwamba duara ndio mara nyingi wa sumu. Nikabana jicho. Mwanga na vijiti. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika kanga yake kwa meno.

"Duara," nikasema.

Niliona nikisema duara, hata nikikosea, hakuna mtu atakayekufa. Mzee akachukua wino. Kisha akamgeukia mama yule, akamwambia asile, asiwape hata kuku.

"Babu, nkiyamwaga, watoto wale nini?"

"Sijui mwanangu. Lakini hayo usiyale."

Alikwenda kuyamwaga. Nilisikia baadaye kwamba watoto wake wawili walipelekwa kwa dada yake Newala, na mmoja akaacha shule hukohuko. Labda kweli ilikuwa duara. Mzee mwenyewe alikuwa ameangalia kabla yangu, labda alishaona duara na alitaka tu mtu wa kumwambia ndiyo. Labda. Nimelirudia neno hili sana.

Tangu siku ile nilianza kuchelewa kwenda kwake. Kazi ni nyingi, mzee. Simu za watu, mzee. Nikahamishia meza yangu Mikindani, na kutoka pale mpaka Chuno si safari ya kumshinda mtu, lakini ilinishinda. Nikasikia macho yake yamekwisha. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, iliyokwisha kupotea hairudi, wakampa matone ya kushikilia kidogo kilichobaki, na kidogo chenyewe hakikushikika.

Mwaka huu baada ya Idi nikaenda. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilimkuta barazani, amenyooka, mikono magotini, na kabla sijatoa salamu akaniambia, "Unavyokohoa ni vilevile." Akaniita ndani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hadubini mezani dirishani, madaftari manne yamefungwa kwa kitambaa.

Alikuwa na furaha. Kuna mwalimu wa chuo, akasema, binti mmoja wa Morogoro, amesikia habari za yale madaftari kwa mtu wa zamani wa maabara. Anakuja Jumatatu. Hakuna mtu aliyewahi kuandika kuvu za mdomo wa Ruvuma namna hii, ndivyo alivyomwambia kwenye simu. Zitachapwa.

"Amesema atachukua za wino," mzee akaniambia. "Za penseli ziko nyingi, lakini za mtu mmoja, hawezi kuzisimamia. Nikamwambia usijali, za wino ziko za kutosha. Nina shahidi. Jina lako litakuwemo."

Nilikaa. Kitambaa cha madaftari kilikuwa kipya, amekinunua kwa ajili ya mgeni.

"Mzee wangu," nikasema. "Zile za wino. Sikuwa naona."

"Ipi hukuona?"

"Zote."

Alicheka kidogo, kama mtu anayengoja umalizie. Nikamweleza yote, tangu skrubu. Nilieleza vibaya, kwa kurudiarudia, na pale nilipofika kwenye michoro nilikuwa ninalia na sikuona aibu. Hakunikatiza. Niliponyamaza aliuliza kitu kimoja.

"Na ya makopa?"

"Na ya makopa."

Akageuza uso dirishani, kwenye mwanga ambao sasa ulikuwa haumfai kitu. Nje mtu alikuwa anapita anauza samaki, akaita mara mbili, akaendelea.

"Basi nilikuwa peke yangu mle," akasema.

Ningependa angenitukana. Nina umri wa kutukanwa na mzee kama yule na kushukuru. Badala yake aliniambia nifungue madaftari, nichukue rula, nilikate jina langu kwa mstari kila lilipo, na juu yake niandike kwamba shahidi hakuona. Nilifanya kazi ile mpaka adhuhuri ikakaribia. Kwa kila ukurasa nilimsomea, naye alikumbuka wote, mti gani, mwezi gani, upande gani wa mto. Nikamuuliza binti wa Morogoro atabaki na nini.

"Atabaki na penseli. Akitaka achukue, asipotaka aache. Na wewe uwepo Jumatatu, umwambie mwenyewe."

Nikasema nitakuwepo.

Tulipomaliza akaniuliza, kwa sauti ya fundi anayetaka kujua kilichoharibika, nilikuwa naangaliaje. Nikamwambia kama ninavyoangalia saa. Akaniambia niiname nimwonyeshe. Akanipapasa uso, akapeleka vidole kwenye jicho langu, akakuta limeshindiliwa kwenye bomba.

"Umelibana!" Alishtuka kweli. "Rudi nyuma. Upana wa kidole. Na hilo la pili usilifumbe, liache wazi."

Nikarudi nyuma upana wa kidole. Kwenye hadubini palikuwa na kioo cha zamani cha kuvu, sijui kilikaa pale tangu lini. Mwanga ukatulia, na ndani yake wakatokea. Walisimama kwa safu, wembamba, wa bluu, kila mmoja na shina lake, na juu ya shina mnyororo wa shanga ndogo zilizopangika kuanzia kubwa mpaka ndogo. Shanga mbili zilikuwa zimekatika zinaelea peke yake. Jambo la dakika moja, angeweza kunifundisha siku ile ya skrubu, kama ningefungua mdomo.

"Naona!" nikapiga kelele. "Mzee, wallahi, naona!"

"Ulisema hivyohivyo siku ya kwanza," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Zamani ningeangalia baada yako nikajua. Sasa nitajuaje?"

Nilianza kumweleza, safu, shina, shanga, rangi, zile mbili zilizokatika, nikiwa bado nimeinama kwa kuogopa kwamba nikiinua kichwa watapotea. Nilimweleza kila nilichokiona, na hakuna nilichokiongeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akanishukuru kwa adabu, kama tunavyomshukuru mgeni aliyekuja kutujulia hali, akaniomba niifunike mashine isiingie vumbi.